Kitambaa Kisicho na Msalaba

Watu walimwita Mama Pasi, na walimheshimu kuliko alivyostahili. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadanganywa na harufu ya sabuni. Mwanamke akishafua nguo za kanisa miaka kumi na tisa, akawa anapita njiani na kapu la vitambaa vyeupe, watu humpisha kana kwamba na roho yake imepigwa pasi. Yeye mwenyewe aliamini hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa sala na mfungo, na mtu wa kumwambia jirani yake, mbele za watu, kwamba sketi ile ni fupi mno kwa mama mwenye ubatizo.

Kazi yake lakini aliijua, hilo simnyimi. Kila Jumanne na Ijumaa alichukua sakristia, chumba cha Padre cha kuvalia, vitambaa vilivyotumika kufutia kalisi, kikombe cha misa, akavipeleka kwenye karai lake nyuma ya ukuta wa kanisa. Maji ya kwanza ya kusuuza hakuyamwaga mtaroni, maana huenda yana chembe ya hostia, mkate wa komunyo, au tone la divai ya misa. Aliyamwaga kwenye shina la mlimau, mahali pasipokanyagwa, kama alivyofundishwa na marehemu mama yake aliyeifanya kazi hiyo kabla yake. Baada ya hapo ndipo ilipokuja sabuni, kisha jua, kisha pasi ya mkaa. Ya umeme aliikataa, akidai haina adabu, inaunguza bila kuonya.

Palipochanika alishona mwenyewe. Kidole gumba cha mkono wa kulia kiliungua akiwa mdogo, kwa hiyo alishona kwa kushoto, na mishono yake ililala upande ambao mishono ya watu wengine hailali. Alipomaliza alirudisha sindano mara tatu, akauficha uzi chini ya pindo. Ungeweza kumletea rundo la matambara mia, angekutolea yaliyopita mkononi mwake bila kuvaa miwani.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, miaka kumi, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku. Baba yake alikuwa dereva wa lori; aliondoka kupeleka saruji mji wa pili na mpaka leo saruji haijafika. Chiriku aliongea akila, akaongea akioga, na usingizini aliendelea pale alipokuwa ameachia. Mama yake alimfokea kutwa, "Hebu pumzisha huo mdomo, utaota ndevu!" na mtoto akajibu kwamba mwanamke hawezi kuota ndevu ila mwalimu wao wa hesabu anazo tatu, amezihesabu. Mama Pasi aligeuka upande ili asionekane akicheka. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa dunia yake, na mama alikuwa tayari kuwatupa wengine wote kwa ajili yake. Wakati huo hakujua kwamba neno hili angekuja kuulizwa kwa vitendo.

Vitambaa safi aliviweka kwenye kabati kuukuu la sakristia, droo ya tatu kutoka juu. Ijumaa moja aliifungua akakuta kitambaa kimezidi. Kilikuwa cheupe, kimepigwa pasi vizuri sana, lakini pale katikati, ambapo vyote vina msalaba mdogo wa uzi mwekundu, hiki kilikuwa na duara, kama mkate. Alikigeuza, akaona pindo limewahi kuchanika na kushonwa. Mishono ililala upande wake, sindano ilikuwa imerudi mara tatu, na uzi umefichwa.

Mkono ulikuwa wake, na kitambaa hakuwahi kukishika.

Mwingine angepiga kelele. Mama Pasi alikasirika, akidhani kuna mtu anamwiga ili amnyang'anye kazi. Aliandika nyuma ya tangazo la zamani la ndoa: "Wewe ni nani unayeshona kama mimi?" Akaliacha kwenye droo. Kesho yake alikuta jibu, na mwandiko ulikuwa wa kwake, hata ile herufi ambayo mwalimu wa darasa la pili alimchapa kwa sababu yake na hakuwahi kuirekebisha. Jibu lilisema: "Nilitaka kukuuliza hivyo hivyo."

Aliandika swali la kumnasa. Maji ya kwanza unayamwaga wapi? Jibu: "Kwenye mlimau, kama mama alivyotufundisha. Isipokuwa yale ya siku aliyokuwa anakata roho. Yale tuliyanywa, tukidhani Mungu atamrudisha. Sijawahi kumwambia mtu." Mama Pasi aliketi kwenye kiti cha Padre. Hata yeye hakuwahi kumwambia mtu, hata Padre kwenye kitubio.

Basi wakazoeana. Kilichowekwa kwenye droo upande huu leo, kesho kilikuwa upande wa pili. Namna gani, hawakujua, na baada ya mwezi waliacha kuuliza, kama tusivyouliza kwa nini chungu cha jirani kinaivisha haraka. Huko kwa mwenzake kulikuwa na kanisa lile lile, mlimau ule ule, Chiriku yule yule mwenye kuhesabu ndevu za mwalimu, na lori la saruji ambalo halijafika. Tofauti ilikuwa moja. Mwenzake aliuliza: "Huu msalaba unaoshona kwenye vitambaa ni wa nini? Kwetu huo ni mti wa kunyongea wezi."

Mama Pasi alieleza kwa kurasa nne. Mwenzake akajibu kwa nusu ukurasa. Kwao, umati ulipoulizwa nani afunguliwe, ulimchagua Yeye. Mnyang'anyi ndiye aliyetundikwa. Yeye aliendelea kufundisha mpaka akazeeka, akafa kitandani, na watu wakagawana mkate wa mwisho aliouacha mezani. Ndiyo maana ya lile duara.

"Sasa nani aliwafia dhambi zenu?" aliandika Mama Pasi kwa huruma.

"Hakuna. Mtu akikosa, anakwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa aliyemkosea, anabisha hodi. Ni kazi, dada. Viatu vinaisha."

Mama Pasi alisoma akatikisa kichwa. Maskini, wapagani wa watu, alijisemea, hawana hata mkombozi. Wiki nzima aliwaombea kwa sauti ya mtu anayewaombea walio chini yake.

Homa ikaja mwezi uliofuata, kote kuwili, wiki moja. Ilianzia shingoni mwa Chiriku, ikashuka mgongoni, na siku ya nne mtoto aliacha kuongea. Nyumba ilinyamaza mpaka Mama Pasi akasikia saa ya ukutani, ambayo alikuwa amesahau kwamba ina mlio. Daktari wa hospitali alimpima, akamtoa mama nje ya pazia, akasema dawa ya homa hii bado haijapatikana. "Mpe maji, mama. Na mwombe Mungu." Daktari anayekutuma kwa Mungu amemaliza yake.

Alimwandikia mwenzake mistari miwili. Jumatatu asubuhi alikuta kwenye droo kopo la vidonge vya kijani, thelathini, na barua. "Kwetu dawa ipo. Hili ni kopo la Chiriku wangu, lakini wako amezidiwa, wangu bado anakaa na kunywa uji. Kila siku kimoja, asikatize, akikatiza homa inarudi na nguvu mpya. Nimemdanganya daktari kwamba kopo limetumbukia kwenye karai la sabuni. Alhamisi atanipa jingine. Nitakwenda kumwomba radhi."

Mama Pasi alipiga magoti pale pale chini ya msalaba mkubwa wa sakristia, akalia, akaapa kwamba hatamsahau mwanamke huyu maisha yake yote. Kiapo hicho alikitimiza, ingawa si kwa namna aliyodhani.

Siku ya tatu mtoto aliomba maji. Siku ya nne alisema kwamba mto wa kitandani unanuka mkaa, akaeleza kwa nini, na mama yake hakumwambia anyamaze. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Barua kwenye droo ilikuwa fupi, na mwandiko ulikimbia.

"Jingine halijaja. Ghala la dawa ni tupu, hawajui litajaa lini. Wangu homa imepanda tangu jana, hanijibu. Umebaki na ishirini na tano. Nirudishie kumi na mbili tu, dada. Nusu haitamponya, lakini itamshikilia mpaka dawa zije. Nakuomba. Wewe ndiye unayejua nilivyo."

Aliisoma mara tatu. Kopo lilikuwa mfukoni mwa aproni yake, maana hakuthubutu kuliacha nyumbani. Alilitoa, akalishika juu ya droo iliyo wazi. Nataka nimtendee haki: alilishika hapo muda mrefu, hata akakifungua kifuniko. Lakini aliambiwa mtoto asikatize. Akigawa, wote wawili wanaweza kufa. Asipogawa, mmoja anapona kwa hakika, na huyo mmoja ni wake. Hesabu ilikuwa safi, na alipomaliza kuihesabu alilirudisha kopo mfukoni.

Akafunga droo kwa ufunguo. Hakuogopa kwamba vidonge vitatoroka, aliogopa barua. Alijua kesho itakuwepo nyingine, na kesho kutwa nyingine, kila moja ikiwa na mwandiko wake mwenyewe ukilia. Ufunguo aliutumbukiza ndani ya pasi ya zamani iliyokufa bawaba, akaisukuma chini ya kitanda. Alimwambia Padre kwamba droo imevimba kwa unyevu, vitambaa vitakaa kwenye kapu. Padre akasema haya, mama, wewe ndiye mwenye nyumba humo.

Na moyoni alijipa maneno. Yule mwanamke ni mimi. Mtu hajiibii. Halafu watu wale hata hawakufiwa na Mwana wa Mungu, nani ajuaye kama mbele za Mungu ni watu kamili. Ndiyo, alifika huko. Msalaba mkubwa ulikuwa juu ya kichwa chake akiyawaza hayo.

Chiriku alipona siku hadi siku. Siku ya kumi na mbili alisimama. Siku ya kumi na sita aliomba kurudi shule akaanze kusimulia ugonjwa wake. Siku ya kumi na nane, mama yake akimpikia uji, mtoto alisema kutoka kitandani:

"Mama, mbona unanong'ona?"

"Nani ananong'ona? Nimekuuliza unataka sukari."

"Ona, unanong'ona tena."

Alidhani ni nta ya masikio, akadondosha mafuta ya uvuguvugu. Siku ya ishirini na mbili Chiriku aliuliza kwa nini kengele ya kanisa imeacha kupigwa. Ilikuwa inapigwa wakati huo huo. Siku ya thelathini mtoto alimeza kidonge cha mwisho, akiwa na afya ya mwili tele, mashavu yamejaa, na hasikii hata mlango ukibamizwa nyuma ya kisogo chake.

Kwenye misa ya shukrani aliimba kwa sauti kubwa mno, ubeti mmoja nyuma ya watu wote. Waimbaji walipomaliza yeye aliendelea peke yake, na watoto wakacheka. Alipowaona wanacheka alicheka nao, akidhani kuna jambo la kuchekesha madhabahuni. Daktari alimwangalia kwa kijitaa, akapiga makofi nyuma yake, akasema mishipa imekufa, haifufuki. Mama Pasi aliuliza ni kwa sababu ya nini. Daktari akasema ni homa tu. Hakujua habari za vidonge, na hakuambiwa.

Mama Pasi alilipokea kama malipo. Nimechukua uhai wa mtoto wa mwenzangu, nimetozwa masikio ya wangu. Mungu kanihurumia sana. Kwa wazo hilo alipata ujasiri ambao hakuwa nao siku zote zile. Alichukua kitambaa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akashona sanda ya mtoto wa miaka kumi. Vipimo hakuhitaji kuuliza. Katikati alitia msalaba mwekundu, kisha akaufumua, akatia duara, kwa heshima ya watu wale. Alikaa siku tatu kuishona. Aliandika barua ya kuungama kila kitu, akaichomeka ndani ya mikunjo, akautoa ufunguo kwenye pasi mbovu, akaenda sakristia mchana, Padre akiwa kwenye ziara za wagonjwa. Chiriku alikuwa nje kwenye mlimau, akiongea na mti.

Alitarajia matusi na laana. Droo ilikuwa imejaa mpaka ikakwama, akaivuta kwa mikono miwili. Barua zilikuwa nyingi, na kati ya barua kulikuwa na vibahasha vidogo vya karatasi vyenye vidonge vyeupe. Aliianza ile ya chini kabisa, ya Jumamosi, siku moja tu baada ya kufunga.

"Zimekuja! Usirudishe hata kimoja, dada, zimekuja leo asubuhi, ghala zima. Wangu ameshameza cha kwanza. Lakini sikiliza vizuri, daktari kanieleza jambo ambalo mwanzo alilisahau: vile vya kijani vinaua homa lakini vinakula masikio. Kuanzia siku ya kumi lazima apewe na hivi vyeupe, asubuhi na jioni, masikio yatapona salama. Nimekuwekea vya kutosha. Usisahau. Siku ya kumi."

Ya pili ilisema: "Hujavichukua? Naweka vingine, huenda vya kwanza vilipotea njiani." Ya tatu: "Leo ni siku ya kumi. Nimebisha kwenye droo kama mwendawazimu, Padre wetu kaniuliza kama kuna panya." Ya nne ilikuwa na vibahasha viwili. Ya tano ilisema Chiriku wa kule amerudi shule na mwalimu wa hesabu ameota ndevu ya nne. Zikaendelea hivyo, kila moja na vidonge vyake, mpaka ile ya juu kabisa.

"Kesho wanavunja ukuta wa sakristia, na kabati hili linakwenda kuni. Hii ndiyo ya mwisho. Nimekaa sana nikijiuliza kwa nini hujibu. Mwanzo niliogopa kwamba umekasirika kwa kuwa nilikuomba vidonge virudi; nisamehe, nilikuwa nimechanganyikiwa. Kisha nikasema hapana. Mimi najijua. Mimi nisingeweza kunyamaza hivi, mtoto wa mwenzangu akiwa hoi. Kwa hiyo lazima Chiriku wako amefariki, nawe huna nguvu ya kuandika. Nimemlilia hapa, na wangu amemlilia. Ningekuja mwenyewe nibishe hodi, kama desturi yetu, lakini kwako sijui njia. Naacha vyeupe hivi hata hivyo. Mtu hawezi kujua."

Mama Pasi aliiweka ile sanda kwenye droo akafunga, akafungua tena. Ilikuwepo. Kesho yake aliikuta, na Jumanne, na Ijumaa. Droo ilikuwa droo tu, na mbao nyuma.

Alikwenda kwenye kitubio. Alimweleza Padre yote, hata lile la kuwafikiria watu wale kuwa si watu kamili. Padre alikuwa mzee mwema na alikuwa na njaa. Aliona mbele yake mama aliyechoka kwa kuuguza. "Binti yangu," alisema, "umejikosea mwenyewe tu, na Bwana amekwishalilipia hilo msalabani. Nenda kwa amani." Maneno yalikuwa ya kweli yote, na hayakumshika popote. Alitoka nje akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vizima kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani aliona aibu navyo.

Chiriku alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba akiongea. Sasa aliongea kuliko zamani, na kwa kupaza, maana hakusikia anapoishia. Alimwona mama yake akitoa mfukoni vibahasha na kuvipanga juu ya meza ya kupigia pasi, kimoja kimoja, bila sababu.

"Vidonge vya nani hivyo?" aliuliza kwa kelele, mtaa mzima ukasikia. "Vya kwangu?"

Mama Pasi alichukua kipande cha karatasi. Siku hizi waliongea hivyo. Alishika kalamu muda mrefu, kama alivyolishika lile kopo, kisha akaandika: "Hapana. Ni dawa ya mama."

Mtoto alisoma, akamtazama usoni, na uso wake ukajaa huruma ya mtu anayejua kuumwa ni nini. Alikwenda kwenye mtungi, akarudi na kikombe cha maji kimejaa mpaka ukingoni, akimwaga kidogo sakafuni.

"Basi meza, mama, upone," alisema. "Usikatize hata siku moja. Mimi nitakuhesabia."

Mama Pasi akameza.